Mgomba Uliopindisha Reli

Kuna mlio mmoja ambao mpaka leo, nikinyamaza kidogo tu, nausikia. Unaanza mbali, ta-ta, ta-ta, ta-ta, magurudumu ya chuma yakiruka maungio ya reli; halafu yakifika nyuma ya nyumba yetu yanalia nyiiiii, kilio chembamba kama cha mbwa mdogo aliyefungiwa nje ya mlango, kisha yanatulia tena, ta-ta, ta-ta, mpaka msitu unayameza. Sasa ninakaa Sake, ninashona. Malori yanapita mbele ya cherehani yangu tangu asubuhi, mengine yanapanda Masisi, mengine yanafuata ziwa kwenda Shasha na Minova, na kila moja lina kelele zake. Lakini halipo linalolia nyiiiii. Wateja wakinikuta nimesimamisha sindano katikati ya kitambaa wananicheka: "Dada, weye uko unaota muchana." Siwabishii. Ni kweli ninaota, na ndoto yangu ina reli ndani yake.

Sisi kwa asili ni watu wa vilima vya Masisi. Kule, mtoto akisimama mlangoni anaona mbali kuliko anavyoweza kutembea: mashamba ya maharage yamelala ubavuni mwa mlima, ukungu bondeni kama maziwa yaliyomwagika, na upande wa Kirolirwe ng'ombe wadogo kama punje za mtama. Nilikuwa na miaka minane Papa alipopata kazi ya ukapita, yaani usimamizi wa watu wa reli, huko chini Walikale, tukafunga mikeka na sufuria, tukateremka kwa miguu siku nyingi. Kila siku joto lilizidi na mbingu ilipungua. Tulipofika, mbingu ilikuwa imebaki kipande tu, kama kitambaa kilichosalia baada ya kukata gauni. Nilimwuliza Mama watu wa huku wanajuaje kama kumekucha. Akasema, "Wanasikia, mwanangu. Huku macho hayana kazi kubwa."

Reli yenyewe ilikuwa ndogo, usifikirie gari moshi. Haikuwa na injini. Ilikuwa ya kubeba mawe meusi ya mgodi, yaliyooshwa mtoni, katika vigari vya chuma ambavyo kila kimoja kilisukumwa na wanaume wawili mpaka kwenye barabara ya malori. Tangu mgodini hadi barabarani watu walikuwa wamejijengea penye sababu: Darajani, kwa kuwa hapo kulikuwa na daraja la magogo, Posho, kwa kuwa hapo ndipo magazini, yaani ghala la kampuni ya mgodi, ilipogawa unga, chumvi, mawese na samaki wakavu, na katikati kambi yetu, safu moja ya nyumba za udongo, ambayo haikuwa na jina kwa sababu haikuwa na chochote. Watu waliiita "pale katikati" tu. Ilinuka udongo mbichi, makemba ya kuchoma, zile ndizi kubwa za kupika, na mafuta ya magurudumu. Niliipenda kuanzia juma la kwanza, ingawa Mama alilia juma zima kwa kukosa baridi.

Mama alikuwa na sababu nyingine ya kulia. Kabla ya safari ile alikuwa amezika watoto wawili kule vilimani, wote kabla hawajaota jino, na sasa alikuwa na mimba nyingine. Jirani yetu, Koko Anjelani, bibi wa msituni mwenye rozari shingoni na dawa za miti kibindoni, ndiye aliyempokea mtoto. Akawa msichana, tukamwita Neema. Kitovu chake kilipodondoka, Koko alikichukua, akatoka nyuma ya nyumba, akachagua mgomba mmoja wa makemba uliokuwa bado mchanga, akakifukia chini yake. Kisha akatuita wote, na Papa pia, akasema: "Huu mugomba sasa iko muntu. Kisu kisiuguse, jembe lisichimbe hapa. Siku itazaa na kukomaa, tutakula mukungu wake sisi wanawake wenye tulisikia mutoto analia mara ya kwanza, na mutoto atakuwa ameshikwa na udongo. Kabla ya pale, hata chipukizi musihamishe." Papa, ambaye kila Jumapili alisoma kitabu cha sala bila kuruka mstari, alikohoa, akatazama pembeni. Hakukataa. Mkono mmoja haulei mwana, na mikono ya Mama ilikuwa imekwisha kuangusha wawili.

Mgomba ukakua, na Neema akakua. Nilizoea kuwapima pamoja: jani jipya, jino jipya. Ulipotoa ua lake jekundu, Mama alianza kuimba asubuhi, jambo nililokuwa nimesahau kwamba analijua. Ndipo mvua za mwaka ule zikaula ukingo wa mto, reli ikabaki inaning'inia kama kamba ya nguo. Kampuni ikaamua kuihamisha, ipite juu kidogo, nyuma ya nyumba zetu. Akaja mpimaji, Mzungu mrefu mwenye kiko, akachungulia katika chombo chake chenye miguu mitatu, na nyuma yake watu wakapigilia vigingi vyenye vichwa vyekundu. Kimoja kilisimama shinani pa mgomba wa Neema, karibu kama kisu kwenye shingo ya kuku.

Papa alivua kofia akaenda kumwomba. Nilikuwa nyuma yake, nimebeba Neema mgongoni. Mpimaji alisikiliza, akacheka bila ubaya, kama mtu anavyomcheka mtoto, akasema msitu mzima umejaa migomba, basi tukachague mwingine. Jioni ile akaondoka kwenda kupima kazi nyingine ng'ambo ya mto, akiacha amri kwamba Jumatatu njia isafishwe, reli zilazwe. Aliyegusa kigingi cha kampuni alikuwa anachapwa fimbo hadharani na kisha kulala gerezani; hilo hata sisi watoto tulilijua kama tunavyojua moto unaunguza. Na mwenye kuongoza kazi ya Jumatatu, mwenye kusema kata hiki, ng'oa kile, alikuwa Papa.

Nyumbani hawakugombana. Afadhali wangegombana. Mama alikaa na Neema mapajani, akamwuliza Papa, akimwita kwa jina langu, "Papa Furaha, utaukata weye mwenyewe, ao utatuma muntu?" Papa akajibu, "Nikikataa, ataletwa kapita mwingine, na atakata. Na sisi tutarudia Masisi mikono mitupu." Mama akasema, "Masisi njo kwenye nilizikia wale wawili." Baada ya hapo nilisikia tu Neema akinyonya.

Sasa lazima niseme jambo moja kuhusu reli. Nilikuwa nimewatazama watu wa Papa mwaka mzima, na nilijua kwamba reli haipindi kama kiwiko, inapinda kama mto. Ukiisukuma mahali pamoja inakataa. Ukiibembeleza kutoka mbali inakubali. Jumamosi adhuhuri kambi nzima ilikwenda Posho kupanga mstari wa chakula. Mama aliniacha na mtoto, mtoto akalala. Nikatoka nyuma ya nyumba. Niling'oa kigingi cha shinani, nikakisogeza hatua nne upande wa juu, nikakigonga kwa jiwe. Halafu nikasogeza cha mbele yake hatua mbili, na cha nyuma yake hatua mbili, nikachuchumaa na kufumba jicho moja kama mpimaji, nikaona mstari umekuwa tumbo dogo lililoukwepa mgomba. Mashimo ya zamani niliyajaza udongo na majani makavu. Wazee wanasema njia ya mwongo ni fupi. Mimi yangu niliirefusha.

Kisha nikaomba mvua ifute nyayo zangu. Katika msitu ule ambako hakuna mtu aliyewahi kuomba mvua, siku mbili nzima halikudondoka hata tone.

Jumatatu nilijificha jikoni nikichungulia katika ufa. Papa alifika mbele ya watu wake, akatembea kufuata vigingi, akafika kwenye lile tumbo, akasimama. Akatazama mbele, akatazama nyuma. Akatazama chini. Katika kundi lile ni yeye peke yake aliyevaa viatu. Nilimwona akinyanyua mguu taratibu, akaukanyaga wayo mdogo uliokuwa umejichora penye udongo laini, akausaga kama mtu anayezima moto. Akaenda kwenye wa pili, akausaga pia. Yosefu, msukumaji mwenye miguu mirefu na mdomo mrefu zaidi, akauliza, "Kapita, huyu mupimaji alikuwa amelewa? Reli yake iko sawa nyoka yenye imemeza panya." Papa akasema, "Weye unajua kupima? Laza reli." Wakalaza.

Mpimaji aliporudi, reli ilikuwa imekwisha kukazwa na vigari vinapita. Alikuja akatazama lile tumbo muda mrefu, kiko kikazimika mdomoni. Papa alisimama wima mbele yake, kofia mkononi. Nilijua kwamba neno moja tu likikosewa, nitamwona baba yangu amelazwa kifudifudi mbele ya kambi kwa kosa langu, na nikaapa moyoni kwamba nitatoka jikoni, nilikojificha tena, niseme ni mimi. Papa akasema, "Njo pale vigingi vilikuwa, Bwana." Mzungu akamtazama Papa, akautazama mgomba na ua lake jekundu, akafungua karatasi yake kubwa, na kwa kalamu akapinda mstari. Basi. Kosa langu likaingia kwenye ramani.

Hapo ndipo kile kilio kilipozaliwa. Vigari vikifika kwenye tumbo lile vilisuguana na reli, nyiiiii, vinakuwa vizito, na wanaume waliokuwa wakikimbia wanalazimika kusimama, kutema mate mikononi na kusukuma kwa mabega. Walimtukana mpimaji kila siku, wakamtungia hata wimbo wa matusi. Mimi niliposikia niliona aibu, kwa sababu mabega yale yaliumia kwa ajili yangu. Nikaanza kuwapelekea maji ya kunywa katika kibuyu. Mama Bora, jirani wa pili, alipoona wanaume wanasimama pale, akaleta makemba ya kuchoma auze. Mwingine akaleta karanga. Watu wa Darajani wakaona pana watu, wakajenga. Kabla mwaka haujaisha, ile kambi isiyo na jina ikapata jina: Mulio. "Uko unatoka wapi?" "Natoka ku Mulio." Nilikuwa nikisikia hivyo nageuka pembeni nicheke, maana katika kijiji kile ni wawili tu tuliojua kwa nini kiko pale, na yule wa pili hakufungua kinywa mpaka anaingia kaburini. Siri ya mtungi aijuaye ni kata.

Mara moja tu alikaribia kuisema. Siku mkungu ulipokomaa, Koko Anjelani aliukata mwenyewe, wanawake wakakaa mviringo, makemba yakachomwa, Neema akitambaa katikati na meno yake manne. Ilikuwa zamu ya wanawake waliosikia kilio cha kwanza. Papa akaja, akachukua kemba la kwanza kutoka motoni, akalipuliza, akapita mbele ya Koko, akapita mbele ya Mama, akanipa mimi. Koko akapiga makofi kwa mshangao: "Ee Papa Kapita, huyu njo alizaa?" Wanawake wakacheka mpaka machozi. Papa akasema tu, "Yeye ameketi karibu." Sikuwa nimeketi karibu.

Miaka michache baadaye mawe meusi yalikwisha. Kampuni ikaing'oa reli, kipande kwa kipande, ikaipakia malorini, na mlio ukapakiwa nayo. Sisi tukarudi Masisi kwenye ukungu wetu. Mama alibeba chipukizi la mgomba ule limefungwa kwa majani, akalipanda nyuma ya nyumba, lakini baridi ya vilimani ikaliua kabla ya majani matatu. Mama hakulia. Alisema, "Mutoto alishashikwa." Na kweli, Neema leo ananizidi urefu, na ulimi wake unanizidi pia. Kama ni udongo uliomshika, au sala za Papa, au maziwa ya Mama, mimi niliyesoma madarasa machache sitajifanya kujua.

Kiangazi kilichopita nilipanda lori mpaka Walikale, nimpelekee Koko Anjelani chumvi na gauni nililomshonea. Sasa ni safari ya siku mbili tu, na hakuna anayeteremka kwa miguu siku nyingi akijiuliza kama kumekucha. Watu wanafika haraka. Sijui kama wanafika pale pale. Penye Posho kuna duka la bati. Darajani pamebaki magogo mawili, yameoza. Kutoka barabarani mpaka kwa Koko, aliyehamia upande wa mgodini, ni njia ya miguu inayofuata lile tuta la reli, na nikaiingia peke yangu, mzigo kichwani. Nyumba zetu hazipo, msitu umezila. Mgomba haupo, hata shina. Lakini njia, ilipofika pale, ilikata kona. Tumbo dogo, hatua nne, kuzunguka majani matupu. Mbele yangu alikuwa amepita mama mwenye kapu zito la muhogo, na nyayo zake nazo zilizunguka, bila kuuliza.

Nilisimama. Ningeweza kunyoosha moja kwa moja, hakuna kilichonizuia. Nikatazama mbele, nikatazama nyuma, nikahakikisha hakuna mtu. Kisha nikashika mzigo wangu vizuri kwa mkono mmoja, nikaifuata ile kona polepole, na kwa kinywa changu mwenyewe nikalia, nyiiiii, mpaka nilipotokea upande wa pili.