Goti la Beki wa Timbwani

Kushabikia mpira wa magongo hapa Likoni ni kujitafutia presha. Wenzako wote wanazungumza kandanda, na wewe umesimama juani kando ya kiwanja cha shule kisicho na nyasi, unamtazama binti wa watu na moyo unakudunda kama vile umemzaa wewe.

Kwa miaka mitatu nilimfuatilia beki mmoja, msichana wa Timbwani. Mpira ukifika kwake umefika, haupiti. Kichwani mwangu nilikwisha kumvisha jezi ya timu ya taifa, wallahi. Basi mwaka jana kocha wa klabu moja ya Nairobi alipokuja kuchagua mchezaji mmoja kati ya wanaomaliza shule, niliyekosa usingizi ni mimi.

Siku hiyo alicheza kuliko siku zote. Mechi ilipokwisha, kocha alimwendea bibi yake msichana, akampa shikamoo, akamuuliza habari za mjukuu wake. Bibi aliwatazama watu waliotuzunguka, akajifunika leso vizuri.

"Huyu hana lolote, mwanangu. Goti lamsumbua tangu Ramadhani."

Goti gani? Lile goti ni zima kama la punda! Sisi wa hapa tulimwelewa: mtoto hasifiwi mbele za watu, asije akapatwa na jicho la hasidi. Utasema ana homa, utasema ana goti, ilimradi hasidi apite zake. Lakini kocha si wa kwetu, na aliliandika hilo goti katika daftari lake. Na huko upande wa pili, baba wa golikipa mmoja wa Changamwe, aliyefungwa mabao manne, alikuwa akimsifu bintiye tangu asubuhi.

Nilimvuta bibi kando nikamwambia ameharibu. Akanijibu kwa upole kwamba neema ya Mungu haitangazwi. Nilichemka. Nikamkimbilia kocha kwenye geti la shule, nikamwambia goti halina kitu, yale ni maneno ya kizee tu. Akasimama, akafungua daftari. Akaniambia amebaki na wawili, huyu beki na yule golikipa, na hajaamua.

"Basi niambie wewe unayemjua. Ni mzuri kiasi gani?"

Sifa za miaka mitatu zilinijaa kifuani. Nikageuka. Nusu ya mtaa ilikuwa imesimama nyuma yangu, inasikiliza.

"Si mbaya," nikasema. "Anajaribujaribu."

Akanishukuru, akaandika jina la golikipa.