Debe la Jirani na Mvua ya Jumamosi

Juzi mjukuu wangu alinipeleka Kisumu kumwandikisha mtoto wake shuleni. Getini kuna kibao kipya, rangi bado inanuka, na mjukuu akanisomea kwa sauti kama mtu anayesoma matokeo ya mtihani: shule ya umma, msingi na kati, lugha mbili, mtaala wa kimataifa.

"Dani, umeona? Mambo ya kisasa hayo."

Dani ni mimi, nyanya yake kwa Kijaluo. Nilicheka hadi askari wa geti akatoka kibandani kuangalia kuna nini. Mambo ya kisasa! Mwenzangu, shule hiyo hiyo nilisoma mimi, miaka michache baada ya Uhuru, nikiwa na sare moja niliyoifua jioni na kuivaa asubuhi ikiwa mbichi. Lugha zilikuwa mbili hivyo hivyo. Vitabu vilitoka ng'ambo, na ndani yake watoto walitengeneza mtu wa theluji wakamvalisha kofia. Sikukaa sana mle. Sijui kuandika barua ya serikali hata leo, mjukuu ndiye ananiandikia. Lakini nina nyumba ya mawe na malori mawili ya samaki, na yote yalianzia kwenye kopo moja la shaba lililosimama nyuma ya darasa la nne.

Kabla ya Uhuru shule ile ilikuwa ya watoto wa Wahindi. Milango ilipofunguliwa, sisi wa mtaa wa Kaloleni tukaingia. Baba yangu alikuwa anabeba mizigo bandarini, akasikia habari hizo huko kwenye meli, akanishika mkono. Mwalimu mkuu alikuwa Mzungu, mama mrefu mwenye soksi hadi magotini, tukimwita Madam. Alinipa kitabu nisome. Nikasoma kama kuku anayevuka barabara. Akafunga kitabu, akamwambia baba kwamba atanijaribu muhula mmoja tu. Kiingereza kisipopanda, nirudi nilikotoka.

Baba njiani hakunificha. "Ukirudishwa, unaenda Asembo Bay kwa nyanya yako kuanika samaki. Mimi sina shule ya pili."

Basi nikaanza. Asubuhi hadi saa sita ilikuwa zamu ya Kiingereza, na ole wako ukitoa neno lingine. Baada ya chakula zamu ya Kiswahili. Kijaluo changu hakikuwa na zamu, tulikitumia chooni. Harufu ya shule ile naijua hata usingizini: wino, chaki, mafuta ya nazi kwenye nywele za wasichana wa Kihindi, na saa sita achari ikifunguliwa. Dawati moja nilikaa na binti wa muuza vitambaa. Yeye alileta chapati laini zilizokunjwa mara nne, mimi nilileta samaki wa ngege wa kukaushwa na nyoyo, yaani mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja. Kwao nyama na samaki vilikuwa mwiko, kwa hiyo alikula nyoyo zangu zote na kunipa chapati, akiniambia, "Samaki yako weka mbali, mama yangu atasikia harufu kutoka dukani." Nilinenepa muhula ule.

Mambo ya kimataifa yenyewe yalikuwa hivi. Shule za nchi kadhaa zilipima mvua kila siku, na mwisho wa muhula zikatumiana vitabu. Sisi tulikuwa na kipima mvua: kopo la shaba lenye faneli, ndani yake chupa, na bilauri nyembamba yenye mistari ya kupimia. Saa tatu kamili asubuhi, siku saba za wiki, mtoto mmoja anatoka, anapima, anaandika kwa lugha mbili. Safu ya Kiingereza ilisahihishwa na Madam. Safu ya Kiswahili ilisahihishwa na mwalimu wa Kiswahili, mtu wa pwani aliyekuwa na majina ya mvua kama wengine walivyo na mashangazi: manyunyu, rasharasha, mvua ya mawe. Ndiye aliyetufundisha kwamba mvua haiangalii ukubwa wa chombo. "Weka pipa, weka kikombe," alisema, "mradi pande zimesimama wima, kina ni kimoja. Mvua haina upendeleo."

Kazi hiyo nilipewa mimi. Kwa nini? Kwa sababu nilifika mapema. Mama alikuwa akiuza uji bandarini alfajiri na alinipitisha shuleni njiani. Usitafute sababu nyingine. Lakini kwangu ilikuwa kazi kubwa, maana kwenye kitabu kile Kiingereza changu hakikukwama. Namba ni namba. Madam alikuwa akiinama juu ya mwandiko wangu, akisema "Good," na mimi nikihesabu kwamba nimebakisha wiki chache tu nipone Asembo.

Ilikuwa kiangazi. Wiki tatu nzima niliandika neno moja, kavu. Ndipo Jumamosi moja mama akaniambia nikamsaidie nyanya, ngege wamejaa na mikono haitoshi. Nikapima asubuhi, nikapanda basi. Jumapili nani atapima? Nikajiambia: kiangazi hiki, mbingu zenyewe zimesahau. Nitaandika Jumatatu.

Asembo kulikuwa kukavu kama mfupa. Nilipasua samaki na kuwageuza juani siku mbili, nyanya akinichapa kidole kila nilipomlaza mmoja vibaya. Jumatatu alfajiri nikarudi kwa basi lililobeba kuku wengi kuliko watu, likaharibika mara mbili, nikaingia getini saa tatu ikigonga. Uwanja wetu ulikuwa wa kokoto kwenye mteremko. Niliukuta mkavu, jua linawaka. Nikaenda moja kwa moja kwenye kipima mvua, nikafungua.

Kimejaa. Chupa imejaa, hadi kopo la nje limeingia maji.

Sasa elewa. Wavulana wa darasa la saba walikuwa wamewahi kukojoa mle ndani, nikaandika mvua ambayo haikunyesha, shule nzima ikanicheka juma zima. Nikajua ni wao tena. Sikunusa. Hasira hainusi. Nikamwaga yote kwenye nyasi, nikasuuza chupa, nikaandika Jumapili kavu, Jumatatu kavu, kwa lugha mbili, mwandiko mzuri kabisa.

Nikaingia darasani. Binti wa muuza vitambaa akanisogelea, macho yametoka.

"Ulikuwa wapi Jumamosi? Mvua ile! Mabati mawili ya stoo yetu yameenda, baba anayatafuta mpaka leo. Ni inchi ngapi? Niambie mimi kwanza."

"Mvua gani?"

"Wewe ulikuwa kaburini? Jioni, saa kumi na moja. Barabara ilikuwa mto!"

Hapo Madam akaingia, akasema kwamba baada ya mapumziko ataandika ubaoni kipimo cha dhoruba ya Jumamosi, kikubwa kuliko vyote vya mwaka, na shule za ng'ambo zitashangaa. Darasa likapiga makofi. Wakanitazama mimi.

Nilikuwa nimeimwaga. Mvua kubwa ya mwaka nilikuwa nimeinywesha nyasi. Na kitabuni nimeandika uongo mara mbili.

Binti wa muuza vitambaa, nilipomnong'oneza, akanipa ushauri wa biashara. "Andika tatu. Nani atajua? Au nne." Mwalimu wa Kiswahili alipenda kusema njia ya mwongo ni fupi, lakini saa hiyo niliiona ndefu na nzuri, imepandwa maua pande zote. Kilichonizuia ni kitu kidogo. Nilijua namba yenyewe ipo mahali. Mvua ilinyesha kweli, Kaloleni haiko mbali, na Kaloleni kila uani kuna debe. Weka pipa, weka kikombe.

Kengele ya mapumziko ilipolia nilitoka na rula mkononi. Nilikimbia. Uani kwetu debe lilikuwa chini ya ukingo wa paa, linapokea maji ya bati lote, hilo halifai. La nyumba ya pili lilikuwa na bata ndani. Nyumba ya tatu alikaa mama mmoja wa Kijaluo mwenye sauti ya king'ora na mtoto mchanga, na yeye nilimkuta ameinamia debe katikati ya uwanja, beseni la nepi liko pembeni, mikono iko tayari kumimina.

"Mama, usimwage! Usimwage hayo maji!"

Akaruka. "Yawa! Kuna nyoka?"

"Ni ya Jumamosi? Debe lilikuwa tupu? Lilikaa hapo hapo?"

"Nyar Asembo, binti wee, umekimbia shule kuja kunihoji juu ya debe?"

"Mama, nakuomba. Lilikuwa tupu?"

"Lilikuwa na mafuta ya taa, nikalianika Jumamosi asubuhi litoke harufu. Tangu hapo sijaligusa. Nimeyaweka ya kufulia leo. Kuna sheria?"

Nikazamisha rula katikati. Inchi tatu na robo. Nikapima tena kwenye kona, ile ile. Nikahesabu hatua kutoka paani: kumi na mbili. Yeye anaangalia tu, mkono kiunoni.

"Hiyo ndiyo baba yako anailipia karo? Kupima maji ya nepi?"

"Usiyaguse mpaka nirudi."

"Na mtoto avae nini, magazeti?"

"Nitakufulia mimi. Jioni. Zote."

Akavuta kigoda, akakaa kando ya debe. "Nenda. Akija hata ng'ombe hapa nitampiga."

Nilirudi nimechelewa, miguu vumbi mpaka magotini. Madam amesimama ubaoni na chaki, kitabu changu wazi mkononi mwake, amekwisha kuona maneno yale mawili. Akaniuliza kwa Kiingereza ni nini hii. Nikafungua mdomo. Kiingereza chote kikakimbia, hata "yes" haikubaki. Nilisimama pale nikijiona niko Asembo tayari, nimeshika kisu.

Kisha akafanya jambo ambalo hatukuwahi kuliona. Ilikuwa bado asubuhi, zamu ya Kiingereza. Akatuma mtu amwite mwalimu wa Kiswahili, akaniambia kwa Kiswahili chake cha kuvunjika, "Sema. Lugha yako."

Nikasema. Nilisema yote: samaki wa nyanya, basi, wavulana wa darasa la saba, maji kwenye nyasi, uongo wa kavu mbili, debe. Mwalimu wa Kiswahili alitafsiri pole pole, hakunipunguzia hata neno, na wavulana wa darasa langu waliposikia habari ya mkojo walikaribia kupasuka. Madam hakucheka. Aliuliza maswali matatu.

"Debe lilikuwa mbali na paa?"

"Hatua kumi na mbili, Madam."

"Pande zake zimesimama wima?"

"Zimesimama, Madam. Isipokuwa kona moja aliyoipiga mbuzi."

"Maji bado yapo?"

"Yanalindwa."

Akachukua kofia yake. Tulikwenda kwa miguu, yeye mbele na soksi zake, mwalimu wa Kiswahili, mimi, na darasa zima la nne nyuma yetu kama arusi. Jirani yangu alikuwa bado kwenye kigoda, fimbo mapajani. Alipomwona Mzungu anaingia uani hakusimama.

"Mwambie nimelinda haya maji kuliko nilivyolindwa mimi kabla ya ndoa," akamwambia mwalimu. Sijui kama hilo lilitafsiriwa.

Madam akapiga magoti kwenye vumbi, akazamisha rula yake mwenyewe. Inchi tatu na robo. Akaitazama ile kona ya mbuzi, akaipapasa, akatikisa kichwa kwamba si neno. Hapo hapo, juu ya goti lake, akakata maneno yangu kwa wino mwekundu, akanipa kalamu niweke sahihi kando ya kosa. Chini yake mimi nikaandika kwa Kiingereza na mwalimu akanisahihisha kwa Kiswahili: kipimo kimechukuliwa kwa debe, Kaloleni. Kitabu kile kikaenda ng'ambo hivyo hivyo. Madam alisema neno ambalo mwalimu alinitafsiria nami nimelishika hadi leo, kwamba kitabu chenye kosa lililosahihishwa anakiamini kuliko kitabu safi.

Adhabu nilipata, usifikiri. Wiki nzima kumwagilia bustani ya shule. Na nepi nilifua jioni ile, kumi na nne, kwa maji yale yale. Lakini muhula ulipoisha jina langu lilibaki kwenye orodha, na baba alininunulia mkate mzima nikala peke yangu.

Nilibaki hadi darasa la sita. Kisha macho ya nyanya yakafifia, na nikaenda Asembo kuanika samaki. Nilikwenda kwa miguu yangu, sikurudishwa. Nilinunua daftari, na kila siku saa tatu nikaandika: manyunyu, kavu, mvua ya mawe. Miaka mitatu baadaye nilijua kuliko yeyote ufukweni siku za kununua samaki wengi na siku za kuacha wenzangu wanunue, samaki wao waozee mvuani. Wakasema nina dawa. Dawa ilikuwa daftari.

Wote wale wamekwenda. Madam alirudi kwao, mwalimu wa pwani amezikwa kwao, duka la vitambaa limekuwa la simu. Jirani yangu nilimzika mimi mwenyewe, na jeneza zuri. Nyuma ya darasa la nne kumesimama tangi la plastiki. Nilimuuliza kijana wa ofisini kama bado wanapima mvua.

"Tunaipata kwenye simu, Mama."

"Ya Kisumu nzima, au ya uwanja huu?"

Hakuelewa. Sikumlaumu, yeye hajawahi kutoka jua la Asembo akakuta mvua imemsubiri mjini. Mtoto tumemwandikisha, ni shule nzuri, madarasa yana vioo.

Nilipotoka hapo nilipita Kaloleni polepole, dirisha wazi. Uani kote ni mitungi ya plastiki, mdomo mdogo na kizibo juu. Mvua ikinyesha leo haina pa kuingia. Nikamwambia mjukuu tupitie Otonglo, kwa fundi wa mabati, nikaagiza debe moja, pande wima, mdomo wazi. Fundi akasema siku hizi hakuna anayeuliza debe, akataka kujua la kazi gani.

Nikamwambia la kazi ya shule.