Jina Nililopewa Tezo

Niliondoka Muheza kwa sababu sikuweza kusema hapana. Baada ya ibada mchungaji alitangaza kwamba wenzetu wa Kenya, upande wa Kilifi, wanaomba msichana aliyemaliza kidato cha nne akajitolee muhula mmoja kwenye shule ya chekechea. Wenzangu wote wakatazama chini. Mimi nikachelewa kutazama chini. Mama alifurahi, maana mpaka ulikuwa umefunguliwa tena, na miaka ile kwetu hata kipande cha sabuni kilikuwa cha foleni.

Horohoro, asubuhi. Askari wa mpakani aligeuza hati yangu kama anayetafuta kitu nyuma yake.

"Waenda kufanya kazi?"

"Kujitolea."

"Sasa hiyo ndiyo kazi gani?"

Akacheka, akagonga muhuri.

Alasiri tulivuka mkono wa bahari wa Kilifi kwa feri, basi na watu wake, na mbele kidogo nikashushwa Tezo na sanduku langu la bati. Pande zote mikorosho, na hakuna jani lililotikisika. Ukingoni mwa barabara alikaa kikongwe aliyevaa hando, ile sketi ya marinda mengi ya akina mama wa Kigiriama. Kando yake kulikuwa na mtoto wa kike. Kikongwe alinitazama mpaka nikaona haya.

"Shikamoo, bibi."

"Umerudi?"

Nilidhani ndivyo wanavyomkaribisha mgeni kwao. "Nimerudi," nikajibu.

Akajitwika sanduku langu. Kumbe ndiye mwenyeji niliyepangiwa. Wote walimwita Hawe, yaani bibi, na mtoto alikuwa Sidi, mjukuu wake. Sidi alitufuata nyuma, akikanyaga pale nilipokanyaga mimi.

Wiki za kwanza zilikuwa ngumu kwa mambo madogo madogo. Maji yalikuwa mbali na ndoo ilinimwagikia mgongoni. Watoto darasani walinicheka nikisema ugali, kwao ni sima. Moshi wa jikoni ulinitoa machozi, na nilishukuru, kwa kuwa nilipolia kweli hakuna aliyejua.

Lakini kulikuwa na jambo jingine. Hawe alinipa leso zilizokwisha kuvaliwa, na kandambili zilizonienea sawasawa, hata alama za vidole vya mwenyewe zikakaa chini ya vidole vyangu. Njiani watu waliniita Kadzo. Hawakuuliza jina langu, na mimi, kwa aibu, nikawa naitika "abee". Sidi alianza kuniita mayo. Nikadhani mayo ni dada.

Siku moja, jua la utosi, Hawe alinipa ufagio akanipeleka nyuma ya nyumba. Chini ya mkorosho palikuwa na tuta refu la udongo na bakuli lililotobolewa juu yake.

"Fagia kwako," akasema. "Majani yamezidi."

Nilifagia. Hakukuwa na ndege, hakukuwa na sauti ila ufagio. Sidi alikaa akinitazama, anatabasamu.

Kesho yake shuleni nilimweleza Mwalimu Rukia, mkuu wa chekechea, mama wa Malindi mjini mwenye maneno mengi. Alicheka kwanza. "Nyie Watanga mwasifika kwa uchawi dunia nzima, leo mwamwogopa kikongwe?" Kisha akaacha kucheka. Kadzo alikuwa binti wa Hawe. Alifariki Sidi hajaota meno. Mtoto akaambiwa mamake amesafiri, atarudi.

"Na mayo ni mama, mwanangu. Hukujua?"

Nikazitazama kandambili miguuni mwangu.

"Muhula waisha. Ukitoroka kimya, mtoto huyu atakungoja pale barabarani hadi awe mkubwa. Sema na bibi. Ufungue kinywa chako, Stela!"

Jioni ile sikula. Asubuhi ya safari nilimkuta Hawe mlangoni na nikayasema, kwa sauti ndogo hata nikaogopa hakusikia. "Hawe, mimi si Kadzo."

"Najua. Nilimzika mimi." Hakuonyesha hasira. "Lakini nilikuuliza umerudi, ukaniambia umerudi. Ningekufukuza?"

"Nisamehe."

"Vua hizo kandambili."

Nilivua. Alichota maji kwa kata akaninawisha uso, mikono, miguu, yakamwagika kizingitini. Akamwita Sidi asimame karibu, aone.

"Nitaita. Usiitike."

Akarudi nyuma, akaita Kadzo, kwa sauti ya mtu anayeita shambani. Akaita tena. Sidi akanitazama, akangoja, kisha akaita yeye mwenyewe: "Mayo! Mayo!" Niliuma mdomo hadi nikaonja damu.

"Stela," akaita Hawe.

"Abee."

"Umeona?" akamwambia mtoto. "Huyu ni mgeni. Mgeni huenda kwao."

Sidi hakulia. Aliuliza tu, "Basi mayo yuko wapi?" Hawe akamshika mkono, wakazunguka nyuma ya nyumba polepole. Mimi nikashika njia peku.

Wasichana wenzangu mnaotaka kwenda kujitolea, haya ndiyo niliyojifunza. Mikono yako huenda isiwe ndiyo wanayoihitaji sana. Ukifika ugenini taja jina lako mapema, hata kama sauti inatetemeka, na usikubali neno kwa adabu tu.

Nilifika Muheza na sabuni ya mama. Nikiwa bado nafungua sanduku, aliniita kutoka jikoni: "Stela!" Akaita mara ya pili, kwa ukali, akidhani nimelala.

Nilimsikia tangu mara ya kwanza. Nilikuwa nangoja nione ni nani atakayeitika.