Ijumaa za Kathini

Kathini hakuwa mtu wa kuamini upesi, na simu yake ilimzidishia shaka. Jumatatu asubuhi, akiwa kwenye kibanda chake cha kushonea nguo mtaani Shauri Moyo, alimaliza kuwajibu wateja kwenye simu, akasikia mlio. "Kazi mpya: sare za kwaya, Ijumaa." Hajakaa vizuri, mlio tena: "Gauni la Njoki, Ijumaa." Halafu mapazia, halafu suruali, zote Ijumaa. Naye hakuwa ameandika hata moja.

Shaka ikamwangukia Wangu, mwenzake wa cherehani ya pili. Walikuwa wamegawana kibanda tangu watoto wao wakiwa wachanga. Wamegawana chai, uzi na misiba. Lakini nani mwingine aliyeijua nambari yake ya siri? Kikulacho ki nguoni mwako, na Kathini alikuwa fundi wa nguo. Alimwona Wangu akichekea simu yake, akajua kicheko hicho si bure. Huyu anataka nichanganyikiwe, wateja wanitoroke wamfuate yeye!

Akabadilisha nambari ya siri. Akamjibu mteja mwingine, mlio ukaja vilevile.

"Wangu, unanitafutia nini?"

"Kwani nimefanya nini, Mama Mbinya?"

"Hizi kazi za Ijumaa ni nani ananiwekea? Kama unataka wateja wangu, si useme tu!"

Wangu alifunika cherehani yake kwa leso, akaita mkokoteni, akaondoka bila kwaheri. Kathini akajiambia kwamba amepona, ila uzi ulikataa kuingia kwenye sindano.

Jioni alimweleza mumewe, Munyao, karani wa kampuni ya malori. Munyao akashika kichwa.

"Si nilikuambia jana? Nimekuwekea kaprogramu kwa simu, kama kale niliandika kazini. Ukimwandikia mtu kwamba kitu kitakuwa tayari siku fulani, kenyewe kanaweka hiyo kazi na hiyo siku. Ukasema, 'Fanya unavyojua.'"

"Na mbona zote ni Ijumaa?"

"Wewe huwaambia watu waje lini?"

Kila fundi husema njoo Ijumaa. Ni namna ya kumwondoa mteja mlangoni kwa heshima. Mteja naye anajua, huja Jumatano ya wiki inayofuata. Ni hiyo programu tu iliyomwamini.

Aibu ikampanda hadi masikioni. Akaandika harakaharaka: "Wangu, nimekukosea. Nitakuja kwako kukuomba msamaha Ijumaa."

Simu ikalia. "Kazi mpya: kumwomba Wangu msamaha, Ijumaa."

Kathini aliisoma, akaisoma tena. Kisha akazima jiko na kutafuta viatu.

"Sasa unaenda wapi na hatujakula?" Munyao akauliza.

"Mtaa wa Huruma, kwa Wangu. Yeye pia ni fundi. Anajua Ijumaa ni lini."