Kuvu Ikifa, Mguu Unabaki

Jua la Voi halina adabu. Saa mbili na nusu asubuhi tayari limeingia maabara bila kupiga hodi, limejitandaza juu ya meza, na Tryphena Wakesho amelazimika kuligeuzia mgongo ndipo avione vyombo vyake.

Mbele yake zimepangwa sahani za kioo, ndogo, zenye vifuniko. Ndani yake kuna uji wa viazi na sukari ulioganda. Juu ya uji kunaota kuvu. Si kuvu ya mkate wa juzi. Hii imechimbuliwa kutoka ndani ya mguu wa mtu.

"Usinipumulie hapo," anamwonya kila anayesogea. "Pumzi yako ina kuvu zake, na mimi nimeshachoka na kuvu za watu."

Mwenye mguu yuko wodi ya wanaume, hatua chache kutoka mlango wa maabara. Anaitwa Obadiah Mwandawiro, mkata mkonge kutoka Mraru, baba wa watoto wanne. Daktari amekwisha kutoa uamuzi. Sahani hizi zikionyesha kwamba hakuna dawa inayoiweza kuvu hiyo, kesho Obadiah anakatwa mguu. Ikipatikana dawa moja tu inayoiweza, mguu unabaki.

Tryphena ameshika kifuniko cha sahani ya kwanza. Hajakifunua. Midomo inacheza, na haijulikani kama anasali au anajigombeza.

Ana miaka thelathini na sita. Alizaliwa Chawia, kule juu ambako ukungu hukaa shambani hadi saa nne, na baba yake alitaka awe mwalimu. Akaenda Nairobi kusomea kazi ya maabara, akarudi chini huku kwenye joto, katika kituo kidogo cha utafiti chenye chumba kimoja nyuma ya hospitali. Kazi yake ni kuchunguza kuvu zilizokataa kufa kwa dawa, na kutafuta dawa mpya zitakazoziweza.

"Watu wakisikia utafiti wanadhani nina mtambo wa kuona nyota," anasema. "Mimi naipikia kuvu uji. Inakula, inanenepa. Halafu naipa sumu. Isipokufa, naiwekea sumu nyingine. Kama mama wa kambo wa kwenye hadithi."

Mshahara wake ni wa serikali. Kwa maneno yake mwenyewe, hushuka kutoka Nairobi kwa gari moshi na kufika Voi umeshachoka.

Kuvu anayoitafuta sasa huishi udongoni. Mkata mkonge akichomwa na mwiba, nayo huingia pamoja na mwiba huo, ikatulia. Mwaka mzima unaweza kupita. Kisha mguu unaanza kuvimba bila maumivu makubwa, unatoboka vijitundu, na vijitundu vinatoa punje nyeusi, ndogo kama mbegu za mchicha. Kwa kuwa hauumi sana, mwenyewe anaendelea na kazi. Akija hospitali, mguu umekuwa kama mhogo wa mwaka wa tatu.

Obadiah alikuja hivyo mwezi wa pili mwaka huu wa 1985, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. "Hiki kimenikataa," alimwambia Tryphena. "Tumetalikiana."

Tryphena alichukua punje chache kwenye vijitundu vya mguu, akazipandikiza, akangoja. Hakungoja sana. Siku ya tatu sahani zilikuwa zimejaa kuvu ya kijani inayoelekea weusi, yenye vumbi, inayotaka kupanda mpaka kwenye kifuniko. Akaiwekea dawa ya zamani. Kuvu ikaila dawa hiyo kama chumvi kwenye kimanga cha mhogo. Akaiwekea dawa mpya iliyoletwa kituoni kwa majaribio. Ikatamba. Akachanganya zote mbili. Ikazidi kunawiri.

"Niliogopa," anakumbuka. "Nilijiambia, Tryphena, umekutana na shetani mwenyewe."

Akaandika ripoti: hakuna dawa inayofaa. Akaitia sahihi. Daktari Donald Mwakisha, daktari wa upasuaji, mtu mwembamba asiyependa maneno mengi, akaisoma akiwa amesimama na kupanga siku ya kukata. Chini ya goti, alisema, na mapema, kabla kuvu haijapanda mfupani.

Siku moja kabla ya upasuaji, Tryphena alikwenda wodini kumtoa Obadiah damu ya kupima. Mkewe, Ndunge, Mkamba wa Kibwezi, alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda na bakuli la chakula. Tryphena aliinama karibu na mguu uliofungwa bendeji.

Akapiga chafya. Akapiga ya pili. Ya tatu ikamwangusha kofia.

"Nani hapa anavuta ugoro?" akauliza, machozi yanamtoka.

Mzee wa kitanda cha jirani akajitetea kwamba yeye ni mlokole tangu 1961. Ndunge akaangalia sakafu kama mtu aliyedondosha sindano.

"Mama Mwakio," Tryphena akamwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza, "kidonda hakimpigishi mtu chafya. Nimeona vidonda kazi yangu yote. Niambie."

"Si mimi," Ndunge akasema. "Ni mama yangu."

Mambo yakatoka. Tangu mguu ulipotoboka, mama yake Ndunge alikuwa akituma ugoro kutoka Kibwezi, umefungwa kwenye jani la mgomba, uwekwe kwenye vijitundu asubuhi na jioni ukaushe usaha. Ulikuwa ukifika na unyevu, umeanza kuota kuvu ya kijani, nao wakakwangua juu wakatumia wa chini.

"Ningekataaje?" Obadiah akauliza. "Dawa ya mama mkwe haikataliwi. Ukiikataa umemwambia yeye ni mchawi."

"Na mbona hamkutuambia?"

"Pale zahanati tulikokwenda kwanza walitukaripia," Ndunge akajibu. "Wakatuita washamba. Kwa hivyo kila nikija hapa namwosha kwanza kwa sabuni, nasugua vizuri, daktari aone mguu msafi. Mgeni haonyeshwi jikoni."

Tryphena alikaa kwenye kitanda cha mgonjwa, jambo ambalo sheria za wodi zinakataza. Heshima ya Ndunge ilikuwa imeosha juu tu. Ndani ya vijitundu ugoro ulibaki, mweusi, punje punje, kama mbegu za mchicha. Ile kuvu aliyoiita shetani haikuwa imetoka kwa Obadiah hata kidogo. Ilikuwa kuvu ya tumbaku iliyolowa. Na yeye, aliyefundishwa kwamba kuvu ya mguu hukua polepole kama kobe, aliiona ikipiga mbio siku ya tatu na hakujiuliza.

"Ugoro waliweka wao," anasema. "Lakini mbio niliziona mimi. Hilo sina wa kugawana naye."

Alimkuta Daktari Donald akinawa mikono.

"Daktari, ile ripoti ya Obadiah nimekuja kuikana."

"Umeitia sahihi."

"Ndiyo. Nimepima ugoro."

Daktari akafunga bomba. "Umepima nini?"

Akamweleza yote, hata chafya. Daktari hakucheka. "Kwa hivyo hatujui kama dawa zinafanya kazi."

"Hatujui kitu. Nipe kipande cha ndani, karibu na mfupa, ambako ugoro haujafika. Nipande upya."

"Na hiyo ya kweli inachukua muda gani?"

"Majuma. Mwezi, zaidi."

"Dada Tryphena, sikiliza. Kesho nakata chini ya goti. Nikingoja na kuvu ikapanda, nitakata paja. Ukikosea tena, ni wewe umempandishia kisu. Nani atamwambia hivyo?"

"Mimi."

Akarudi wodini na kumwambia, bila kupaka asali. Obadiah alimsikiliza mpaka mwisho, akakuna kidevu.

"Yaani nachagua kati ya goti na paja, kama nyama buchani?"

"Ndiyo, baba Mwakio."

"Mkata mkonge akikatwa chini ya goti si mkata mkonge tena. Akikatwa paja pia si mkata mkonge. Tofauti ni kitambaa cha suruali tu. Ngojeni."

"Usimchezee Mungu kwa mdomo huo," Ndunge akamkaripia, kisha akatoka nje na kulia nyuma ya jiko la hospitali, ambako Tryphena alimfuata na kusimama karibu naye.

Ugoro ukapigwa marufuku. Habari zikafika Kibwezi, na jibu la mama mkwe likarudi siku hiyohiyo kupitia kwa dereva wa lori: "Mwambieni huyo daktari wa sahani, mimi nanusa ugoro huu tangu niolewe, mbona pua yangu haijakatwa?"

Daktari akachimba kipande cha ndani. Tryphena akazitoa punje humo, akazisuuza kwa maji ya chumvi, akazisuuza tena, na kila mara alizinusa kwanza. Hakupiga chafya. Akazipanda.

Juma la kwanza, uji mtupu. Juma la pili, mtupu. Daktari alipita mlangoni kila asubuhi bila kuingia, akainua nyusi, naye akatikisa kichwa. Mguu ulikuwa umevimba zaidi kwenye kifundo. Obadiah akaacha utani kwa siku kadhaa, na wodi nzima ikaona ajabu, kwani hata wakati wa homa alikuwa akiwaita wauguzi wakwe zake.

"Nilianza kuota naona paja," Tryphena anasema. "Si mtu. Paja tu."

Juma la tatu kikatokea kidoti cha kijivu, kigumu kama ngozi, kikaanza kutia uji rangi ya kahawia pole pole. Kobe amefika. Tryphena akakigawanya kwenye sahani mpya. Ya kwanza haikutiwa dawa yoyote. Hiyo aliiita shahidi, kwa maana kuvu ikifa hata hapo, jaribio zima ni kazi bure. Ya pili akaitia dawa ya zamani. Ya tatu, ile mpya. Ya nne, zote mbili pamoja. Kisha akapanda seti nyingine sawa na hiyo, maana safari hii hakujiamini.

Kuchanganya ndilo jambo kituo chake kinalolifuatilia. Kuna kuvu zinazoshinda dawa mojamoja, naye anataka kujua kama zitashinda mbili zikizivamia kwa pamoja. "Dawa moja inafunga mlango, kuvu inaruka dirishani," anaeleza. "Natafuta wa kufunga dirisha."

Majuma mengine yakapita, daktari akapanga siku nyingine ya kukata, na hizo ndizo sahani zilizo mbele yake asubuhi hii.

Anafunua shahidi. Kuvu iko hai, nene, ya kijivu. Anashusha pumzi pembeni, mbali na meza.

Anafunua ya pili. Kuvu iko hai, haina habari. Dawa ya zamani imepita kama mgeni asiyekaribishwa chai.

Ya tatu. Hai. Ndogo kuliko ya shahidi, imejikunja, lakini hai. Tryphena anafumba macho. Dawa mpya peke yake haitoshi, na kesho iko karibu.

Mkono unakwenda kwenye ya nne, unarudi, unafutwa kwenye koti, unakwenda tena.

Kile kipande alichokipanda kipo, kidogo, kikavu, kama makombo ya mkate. Pembeni yake hakuna kitu. Uji ni mweupe. Haukutiwa rangi hata kidogo.

Anafunua seti ya pili haraka, sasa vifuniko vinagongana. Ni vilevile. Anakichukua kile kipande na kukitazama chini ya darubini kwa muda mrefu sana. Kisha anakwenda mlangoni na kuita, kwa sauti ambayo Chawia wangeisikia, "Daktari!"

Daktari Donald anakuja na mikono yenye sabuni. Anaangalia shahidi. Anaangalia ya nne. Anainama, ananusa.

"Nimeshanusa," Tryphena anamwambia.

"Nami nanusa."

Ananyooka. "Sahani si mguu."

"Najua, daktari."

"Vidonge vyenyewe lazima vifike mpaka kwenye mfupa. Nusu mwaka, au mwaka. Ini lake tulipime kila mwezi. Na sijasema sitakata." Anafuta mikono kwenye koti lake mwenyewe. "Nimesema sikati kesho."

Anaondoka. Tryphena anakaa kwenye kiti cha maabara, anacheka na kujifuta macho kwa wakati mmoja.

Obadiah anapoambiwa, anautazama mguu wake kwanza. Ndunge ameshika bakuli la uji.

"Kwa hivyo nimepona?"

"Hujapona. Umeahirishwa."

"Hata mtihani huahirishwa, na watu wakapita," anasema, na muuguzi aliye dirishani anaambiwa papo hapo kwamba mkwe wake anadai chai yenye maziwa.

Dawa mpya iliyopo kituoni itamtosha Obadiah kwa miezi michache. Tryphena ameomba nyingine, na hajui kama italetwa. Anachojua ni kwamba huko kwenye kambi za wakata mkonge kuna miguu mingine, yenye uvimbe mdogo kama tunda la zambarau, ambayo wenyewe wanaikanyagia kazini leo. Anataka kwenda huko na sindano yake kabla miguu hiyo haijatoboka, akae na wake zao na mama wakwe zao, awaulize wanaweka nini, na asimkaripie mtu.

Kuhusu Obadiah, mpango wake ni mfupi.

"Mwaka ujao nataka nishuke Mraru siku ya soko," anasema. "Nikutane naye njiani, nimpite, nisimjue. Nione tu mtu anatembea."