Namba ya Mwisho kwenye Mota

Anko alipomwaga maboksi ya roketi juu ya meza ya kanisa, vijana wenzangu waliyagombania kama mandazi. Mimi nilisubiri. Boksi lililobaki ndilo nililokuwa nimeliangalia tangu mwanzo, na lilibaki kwa sababu lilikuwa gumu. Ndani yake mlikuwa na roketi moja ndefu ya karatasi ngumu, na vindege viwili vya mbao nyepesi, visivyo na injini, vya kuning'inizwa kwenye ndoano ubavuni mwake, kimoja kushoto na kimoja kulia. Picha ya juu ya boksi ilionyesha roketi ikivipandisha angani na kuviachia, kila kimoja kikishuka taratibu kwa mabawa yake.

"Dada, umejua kujitafutia kazi," Anko akaniambia. "Hii ni ya watu wenye subira."

Anko alikuwa Mkenya, nesi, na ndiye aliyeongoza vijana kanisani kwetu. Hakuwa mjomba wa mtu yeyote pale, lakini tulimwita hivyo wote. Mwaka huo aliona tumechoka na mpira, akasema kiangazi hicho tutaunda roketi.

Sikumwambia kwa nini nililitaka boksi lile. Mimi ni pacha. Nilitoka kwanza, ndugu yangu akanifuata. Tulipokua katika kambi ya wakimbizi Tanzania yeye alioa mapema, na kwa kuwa alikuwa na mke, faili lake likatengwa na letu. Mama na mimi tukaitwa, tukapanda ndege, tukaletwa Burnsville, huku Marekani, kwenye fleti yenye zulia. Tuliambiwa yeye atatufuata baada ya muda mfupi. Kila mama alipokwenda ofisini kuulizia, jibu lilipita kwa mkalimani, na ndani ya jibu lile kulikuwa na neno moja la Kiingereza ambalo mama alilidaka mwenyewe: dilei, yaani kuchelewa. Likawa neno lake la kwanza hapa. Alilijua kabla hajajua kuomba maziwa dukani.

Kwa mama, kitu cha pacha ni viwili. Kambini, akinunua kitambaa kimoja alirudi kwa muuzaji mpaka apate cha pili kinachofanana. Alipofika huku hakubadilika. Kabatini kwetu yalitundikwa makoti mawili ya baridi, ya rangi ya kahawia, yote yalinunuliwa mapya. Moja nililivaa mpaka likachakaa mikononi. Lingine lilikuwa bado na kile kikaratasi cha dukani kwenye kola.

Basi nilipolifungua boksi mezani nyumbani, mama alivitazama vile vindege kwa muda mrefu.

"Kimoja ni cha ndugu yako," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Kile kisipande. Kitamngoja mwenyewe afike."

Jumamosi asubuhi, ambapo kwao ni jioni, ndugu yangu alipiga simu. Nilimwonyesha vipande vya mbao kupitia kioo cha simu. Yeye ndiye aliyekuwa fundi kati yetu, aliyekuwa akikata makopo ya mafuta ya msaada na kuyageuza magari. Mimi nilikuwa mtu wa kushika tu. Aliniambia nisage kingo za mabawa kwa msasa mpaka ziwe duara mbele na nyembamba nyuma.

"Mkubwa, cha kushoto ni changu," akasema. Aliniita mkubwa tangu utotoni kwa sababu ya zile dakika nilizomtangulia. "Na usinipe kile kibaya."

"Vyote vimetengenezwa na mimi. Vyote ni vibaya."

Alicheka, na picha yake ikaganda akiwa amefungua mdomo.

Kazi iliendelea polepole. Mchana nilisafisha vyumba vya hoteli kule Bloomington, kazi niliyoipenda kwa kuwa vyumba vitupu havikuulizi kitu. Nikirudi nilisaga mbao juu ya gazeti. Mavumbi yake yalikuwa mepesi kama unga wa muhogo. Nilivipima vindege kwenye mizani ya jikoni ya Anko, nikasaga kile kizito, nikapima tena, mpaka mizani ikaonyesha uzito mmoja. Kwenye pua ya kila kimoja nilibandika kijitonge cha udongo wa kuchezea, ili kisiinue kichwa na kuanguka mgongo.

Halafu ikaja siku ya kuchagua mota.

Mota zile ni vijibomba vya karatasi, vya urefu wa kidole, na ndani yake mna baruti iliyoshindiliwa. Kila moja imeandikwa herufi na namba mbili. Anko alizipanga mezani, akashika moja iliyoandikwa C6-3.

"C sita, tatu!" kijana mmoja akapayuka. "Anko, tuimbe au tusome?"

"Soma wewe, mlango wa sita mstari wa tatu," mwenzake akamjibu, wakaangua kicheko.

Anko aliwaacha wamalize. "Herufi ni nguvu," akasema. "B ina nguvu mara mbili ya A, na C mara mbili ya B. Namba inayofuata ni vile inasukuma. Sasa hii ya mwisho, hii ni dilei."

Nilishtuka kulisikia neno lile likitoka nje ya nyumba yetu. Nilizitazama mota zote mezani mpaka nikaiona moja ambayo mwishoni ilikuwa na sifuri. Mimi ambaye sikuwa nikinyoosha mkono hata nikiwa najua jibu, niliunyoosha, nikaichukua.

"Nataka hii."

"Mbona hii?"

"Haina dilei."

Walicheka tena. Anko hakucheka. Aliichukua ile mota mkononi mwangu bila kuipokonya.

"Hii ni ya kuwekwa chini ya mota ingine, iwashe ile ya juu," akasema. "Ukiiweka peke yake itapanda sawa sawa, lakini hakuna kitu kitafungua mwavuli wa kuishusha. Itarudi kama jiwe, na vindege vyako vikiwa bado vimeing'ang'ania. Sikia, dada. Moto ukizima, roketi bado haijafika. Inaendelea kupanda na ile nguvu imebaki. Ukiviachia hapo, mwendo utang'oa mabawa. Ukichelewa sana, imeshageuka inaanguka. Sekunde tatu ni za kungoja ifike juu, ipoe, ndio kile kimlipuko kidogo kinaitikisa, vindege vinateleza kwenye ndoano. Hiyo kungoja ni kazi. Si uzembe."

Jioni nilimsimulia mama maneno hayo. Alikuwa anachambua maharage.

"Yeye alingojaka nini, huyo?" akauliza.

Nilimrudia Anko na wazo lingine. Nilimwambia kwamba nataka kurusha na kindege kimoja tu, cha kulia, na upande wa kushoto nitabandika udongo wenye uzito uleule. Aliniuliza kwa nini, nikamweleza habari za ndugu yangu, sentensi fupi fupi, nikitazama viatu vyake.

"Ningeweza ningekusaidia," akasema. "Lakini hewa haiangalii uzito peke yake. Upande mmoja una bawa, ule mwingine hauna. Itapinda ikitoka tu, pengine itujie sisi. Ni vyote viwili ama hakuna."

"Basi mota ndogo. B. Visiende mbali."

"Huo mzigo kwa B? Itatoka kwenye fimbo ya kurushia ikijikokota, ilale kando. Hapa ile ya woga ndiyo ya hatari."

Kwa hiyo ilibaki kurusha au kuacha. Jumamosi iliyofuata tulimweka ndugu yangu juu ya meza, simu ikiwa imeegemea chupa ya mafuta, mama akamweleza yote kwa sauti ya mtu anayeshtaki. Ndugu yangu alisikiliza. Nyuma yake nilimwona mkewe akipita na ndoo.

"Mama, mwacheni arushe," akasema. "Kindege kisichoruka si kitu, ni ubao. Lakini, mkubwa, changu ukirudishe. Nitakiulizia siku nikifika."

"Nitakirudisha," nikasema.

Nilipokata simu ndipo nilipoona nimeahidi nini. Ningeweza kusaga, kupima, kubandika na kuchagua. Kuanzia pale kitufe cha kurushia kitakapobonyezwa, hakuna kitu kingekuwa mikononi mwangu.

Siku ya kurusha Anko alitupeleka na basi dogo la kanisa mpaka kwenye uwanja wa nyasi karibu na mji wa Savage. Upande mmoja kulikuwa na maghala na malundo ya chumvi ya barabarani kando ya mto, upande mwingine barabara kuu. Mama alikuja pia, akaketi kwenye kiti cha kukunja, kitenge mabegani ingawa kulikuwa na joto. Roketi za wenzangu zilipanda moja baada ya nyingine zikatua bila maneno mengi. Yangu iliachwa mwisho.

Niliweka karatasi isiyoshika moto ya kuukinga mwavuli, nikaukunja mwavuli wenyewe, nikaisukuma mota ya C6-3 mahali pake. Niliviangika vindege. Cha kushoto, cha ndugu yangu, nilikuwa nimekichora mstari mwekundu. Cha kulia nacho nilikichora, kwa sababu mama asingekubali tofauti, ila mstari wake ulikuwa wa buluu.

Tulihesabu kurudi nyuma. Nikabonyeza. Hakukutokea kitu.

"Imekataa," mama akasema kutoka kwenye kiti, na nilisikia kwamba amefurahi. Mimi pia nilifurahi. Lakini Anko alikwenda akaona kijiwaya cha kuwashia kimechomoka, akakirudisha, akanipungia mkono.

Mara ya pili ilitoa sauti kama kitambaa kikubwa kinachopasuliwa. Ilinyooka, ikapanda na moshi wake mweupe, vindege vikiwa vimeikumbatia. Kisha moto ukazima na kukawa kimya. Zikaja zile sekunde tatu. Roketi ilikuwa bado inapanda, lakini kila mara kidogo zaidi, kama mtu anayefika mwisho wa ngazi. Nilikuwa nimeshika kile kitufe kwa mikono yote miwili ingawa hakikuwa na kazi tena. Nilijua kwamba Anko alisema kweli. Bado sikuweza kuupenda ungojaji ule.

Pu. Kimoshi kidogo. Mwavuli ulifunguka, vindege vikateleza, vyote viwili, vizima.

Wenzangu walishangilia. Vindege vilizunguka pamoja mzunguko mmoja, karibu karibu, na kwa muda ule mfupi nilifikiri vitatua pamoja. Halafu kile chenye mstari wa buluu kikapita juu ya lami ya maegesho ya magari, ambayo jua lilikuwa limeichoma asubuhi nzima. Badala ya kushuka, hewa ya joto ikakipandisha. Kilizunguka na kupanda, kikizunguka na kupanda, huku chenye mstari mwekundu kikishuka kuelekea bwawa dogo la maji ya mvua.

"Kimbia!" mama akapiga kelele. Alikuwa amesimama, kitenge kimeanguka.

"Kipi?"

Nilikimbilia chekundu. Nilikuwa chini yake nimeinua mikono, nikienda kinakokwenda, kama mtu anayetaka kudaka mtoto. Kilitua kwenye majani marefu, hatua chache tu kutoka kwenye maji. Ncha ya bawa ilibonyea kidogo, basi. Nilipogeuka, wenzangu walikuwa wamesimama kwenye uzio wa barabara kuu, wakitazama juu. Cha buluu kilikuwa alama tu, kikielekea kaskazini juu ya magari, kisha hakikuwepo.

"Dada, kimekwenda airport!" kijana yule wa mlango wa sita akaniambia akihema. "Kimeenda kumchukua mwenzako!"

Alitaka kunichekesha. Mama alimtazama mpaka akaondoka. Anko alizunguka na gari mpaka ng'ambo ya barabara, akarudi akitikisa kichwa. Alisema kwamba hakuna kosa nililofanya, kwamba mota ilikuwa sawa, sekunde zilikuwa sawa na uzito ulikuwa sawa. Nilijua. Nilikuwa nimevipima mwenyewe. Afadhali kungekuwa na kosa, ningelirekebisha.

Ndugu yangu alipopiga simu nilikiweka kindege mbele ya kioo.

"Changu hicho?"

"Chako. Bawa limebonyea kidogo."

"Nitalinyoosha. Na chako?"

"Kimekwenda."

"Kimekwenda wapi?"

"Juu. Hakikurudi."

Alikisogelea kioo, akakitazama kindege. Kisha akacheka kidogo. "Ndiyo kawaida yako, mkubwa. Ulitangulia kuzaliwa, ukatangulia kupanda ndege. Mimi kazi yangu ni kubaki."

Mama, aliyekuwa nyuma yangu, alisema ataninunulia kingine kama kile, kwa sababu haiwezekani mmoja awe nacho na mwingine hana. Ndugu yangu akamkatiza.

"Msinunue. Wala wewe usikitengeneze, mkubwa, wewe hujui kusaga. Chako nitakitengeneza mimi nikifika. Halafu tutarusha."

Tangu hapo mama amekwenda ofisini mara nyingi, na mkalimani wamembadilisha, lakini neno limebaki lilelile. Roketi imesimama juu ya kabati, ndoano zake mbili tupu. Anko ameniuliza kama nataka kuirusha peke yake, bila vindege, nikamwambia hapana. Kindege chekundu nimekitundika kwa uzi ndani ya kabati, karibu na lile koti jipya, na mlango ukifunguliwa kwa haraka huzunguka kidogo, kisha hutulia.

Siku ile kwenye simu nilimjibu ndugu yangu ndiyo, tutarusha. Aliniuliza kwa mota gani. Nikamwambia C6-3.

"Hiyo tatu ni nini?" akauliza.

Nilimweleza kama Anko alivyonieleza, sehemu ya moto kuzima na sehemu ya kuendelea kupanda. Neno lenyewe, dilei, sikumtajia.