Muhogo wa Shimo Jingine

Nakumbuka siku moja nilimwita mwanamke mwenzangu mwizi mbele ya watu, kwa ajili ya muhogo ambao hakuna aliyeuiba. Nimezeeka sasa, meno yamebaki ya kuhesabu, lakini siku ile haijanitoka. Nakusimulia, mwanangu, wewe unayejifunza kazi ya kompyuta, usije ukadhani bibi wa Heru Juu aliyeishia darasa la pili hana la kukwambia. Ninalo.

Aliyenikumbusha ni mjukuu wangu Jenifa, mwaka elfu mbili na kumi na tatu. Alikuwa ametoka chuoni, anajua kutengeneza kurasa za mtandao, na mimi namsifia hata pasipo na aliyeniuliza. Kikundi chetu cha wanawake kilikuwa kinasubiri mbegu za maharage kutoka Kibondo. Mtu wa mbegu alisema atapita Kasulu Ijumaa saa nane mchana, akute orodha imekamilika: jina, kijiji, ukubwa wa shamba. Asiyekuwemo angoje msimu mwingine. Nilikuwa nimetafuta daftari tayari. Jenifa akalicheka. Akasema, "Bibi, daftari la nini? Niachie mimi."

Basi wanawake wakashuka mjini, wengine kwa bodaboda, wengi kwa miguu, hadi dukani kwa baba yake Zuhura. Zuhura na Jenifa wamekuwa marafiki tangu shuleni. Baba yake anauza vitambaa, na pembeni amemwekea binti yake mashine ya kutoa kopi na kompyuta moja. Kila mama alitaja jina lake, Jenifa akaliandika, akabonyeza, na ukurasa ukajibu: Asante, umesajiliwa. Mama mmoja aliposomewa maneno hayo alisema mumewe ana miaka ishirini hajamwambia asante, leo ameambiwa na chuma.

Ijumaa asubuhi nikaenda kuiona hiyo orodha. Nilimkuta Jenifa jasho linamtoka. Ukurasa wa orodha unafunguka, vichwa vya safu vipo, jina hata moja hakuna. Peupe kama kiwanja kilichofagiliwa. Alikuwa anahangaika nao tangu duka lifunguliwe. Amefuta mistari, amebandika mingine aliyookota kwa watu asiowajua huko mtandaoni, amebadili neno la siri, amerudisha la zamani, ameandika upya kipande kizima kisha akakitupa. Kufika muda ule hata yeye hakujua tena alichokigusa na alichokiacha.

Na mtu akishindwa na kazi, mwanangu, humtafuta mtu. Akamgeukia Zuhura aliyefunga duka jana yake jioni. "Umefuta wewe. Nani mwingine anashika mashine hii?"

Zuhura alivuta mtandio wake mbele kidogo, akaendelea kumtolea mzee mmoja kopi ya cheti. Mzee aliomba moja. Zuhura alikuwa anatoa ya sita, ya saba, macho ukutani.

Nilisikia harufu ya muhogo uliooza ikinijia puani, ya miaka zaidi ya arobaini. Nikamwambia Jenifa atoe mikono kwenye ile mashine, akae, anisikilize. Akasema saa zinakwenda. Nikamwambia saa nane ipo pale pale, haina miguu.

Mimi niliolewa Heru Juu nikitokea Nyakitonto, mwali mwenye mdomo. Mwezi wa kwanza mama mkwe wangu akanituma kuloweka muhogo. Ule mchungu, lazima ulale majini siku kadhaa mpaka ulainike, ndipo uanikwe na kutwangwa. Ukiula hivi hivi utakuua. Bondeni kuna mashimo ya kulowekea, kila nyumba na lake, yote yamefunikwa majani, yote yanafanana kama migongo ya ng'ombe. Siku hiyo nilikuwa natoka shambani, nikateremka kwa njia ya shambani, nikatia muhogo wangu. Siku ya nne nikatoka nyumbani, nikateremka kwa njia ya nyumbani. Nikafunua majani. Maji matupu.

Unadhani nilijiuliza? Jirani yangu mmoja, Skolastika, alikuwa palepale anaopoa wa kwake, mzuri, mweupe. Nikamwambia ule ni wangu, na kwamba kwetu Nyakitonto wezi hatuwaachii waoshe mikono. Wanawake wote wa bondeni wakasimama. Ulimi hauna mfupa, ndiyo maana unajikunja unavyotaka.

Siku mbili nilikwenda nikinuna, nikifunua shimo lile lile, kana kwamba muhogo ungerudi kwa kunionea huruma. Siku ya tatu mama mkwe akachoka na mimi. Hakunikemea. Alichukua muhogo mmoja mbichi, akaufunga ukambaa mwekundu, akanipa. Akasema, "Twende shambani. Anza ulipoanzia. Uutie huu pale ulipotia ile mingine, kisha tuone."

Tukapanda hadi shambani, tukateremka kwa njia ileile niliyoteremka siku ya kwanza. Miguu yangu ilinipeleka yenyewe. Nilipofunua majani niutie ule wenye kamba, nikakutana na muhogo wangu wote, umelainika umepitiliza, unanuka hadi machozi. Shimo langu lilikuwa hapo siku zote. Mimi ndiye niliyekuwa natia huku na kutazama kule.

Mama mkwe hakucheka. Alinituma nioshe uliosalia, niuanike, nitwange, na ugali wa kwanza niupeleke kwa Skolastika niule naye. Skolastika alimega tonge, akalitazama, akasema, "Leo naula wizi wangu." Tangu siku hiyo aliniita Mwenye Mashimo Mawili, mpaka alipokufa, na kila aliponiita nilistahili.

Hapo Jenifa alikuwa ametulia kidogo. Nikamuuliza, "Wewe huku, unatia wapi, na unatazama wapi?"

Akanieleza, kwa haraka ya watoto wa chuo, kwamba kuna ghala la majina linaitwa hifadhidata, na kuna maandishi ya kuiamrisha kompyuta, yaitwayo PHP, yanayobeba majina. Ukurasa wa kwanza unatia jina ghalani, ukurasa wa pili unalitoa. "Ghala ni lile lile, bibi."

"Umeliona, au unasema?"

Nikamwambia tufunge kamba nyekundu. Aandike jina moja ambalo hakuna mama mwingine analo, tulifuatilie hilo tu. Akaandika jina langu, kijiji, na mbele yake, kwa ukorofi wake, Mwenye Mashimo Mawili. Asante, umesajiliwa. Orodha bado nyeupe.

Kisha akaongeza mstari mmoja kwenye kila ukurasa, wa kuuamrisha utaje jina la ghala unaloingia. Alitaka kubadili na kingine hapo hapo, nikamkataza. Kimoja kwanza. Ukurasa wa kusajili ukasema: majaribio. Ukurasa wa orodha ukasema: kikundi.

Jenifa akaweka mkono mdomoni. Ukurasa wa kwanza aliutengeneza tangu siku za kujifunza chuoni, na ulikuwa bado unashika njia ya ghala lile la kujifunzia. Wa pili aliuandika juzi, akaupa ghala jipya. Kila mmoja na njia yake ya kuteremkia bondeni. Akafungua lile la majaribio, na wanawake wetu wote walikuwa humo, wamekaa kwa mpangilio, wa mwisho mimi na jina langu la aibu.

Kwenye ukurasa wa orodha alibadili neno moja tu, kikundi likawa majaribio. Orodha ikajaa.

Zuhura alikuwa amesogea karibu. Akasoma jina la mwisho, akaliangalia tena, bega likaanza kumtetemeka kwa kicheko anachokizuia. Nilimfinya Jenifa chini ya meza. Akageuka, akasema, "Zuhura, hukufuta wewe. Nilikosea mimi, na nilikusema mbele ya watu. Nisamehe mbele yao."

Zuhura akaokota rundo la kopi. "Cheti cha mzee huyu kimezaa watoto kumi na mmoja kwa sababu yako," akasema. "Wote utawalea wewe." Mzee mwenyewe akasema achukue tu, yeye ana wa kwake nyumbani.

Kabla ya saa nane Jenifa aliandika njia ya ghalani mahali pamoja, kurasa zote mbili zikaitumia hiyo hiyo, akaning'inia shingoni kwangu kama mtoto. Mtu wa mbegu alipofika alisoma majina kwa sauti, mmoja mmoja, mpaka mwisho. Akasimama hapo, akauliza huyu Mwenye Mashimo Mawili ni nani. Nikanyoosha mkono. Maharage ya msimu ule yalinijaa uani.

Sasa sikiliza, mwanangu. Kazi ikikukatalia, usianze kubomoa kila ukuta. Rudi ulipoanzia, na upite kwa miguu ile ile. Tia kitu kimoja unachokijua, ukifuate hadi kinakolala. Badili kimoja, tazama, ndipo ubadili kingine. Ukibadili kumi, hata ukipona hujui dawa ilikuwa ipi. Ukurasa ukikwambia asante, usiridhike: nenda ghalani ukajionee kwa macho yako. Na kabla hujamwita mtu mwizi, funua majani ya shimo lako, yote mawili kama unayo. Kompyuta utaiwasha upya ikasahau. Mtu hasahau. Na ukiwa umeshasema, beba ugali wako mwenyewe mpaka mlangoni kwake.

Mungu akupe macho ya kutazama pale ulipotia, mikono isiyo na papara, na rafiki mwenye moyo wa kucheka baada ya kuonewa. Unachokiloweka kilainike kwa siku zake, na usikose mtu wa kula naye. Amina.